Mgonjwa wa Chumba cha Nne

Mimi ni mgonjwa hodari. Sijisifu, Profesa mwenyewe ndiye aliyesema, tena mbele ya watu wenye akili zao. Siku zangu za kawaida nashona mapazia, lakini kila mwaka, chuo cha udaktari kilicho nyuma ya hospitali kinapofanya mtihani wa kuandika dawa, naitwa nikaumwe. Nimeshaumwa pumu, nimeshaumwa kisukari, na mwaka mmoja nilipewa mimba kwa umri huu nilio nao. Nilifungwa mto tumboni, na wanafunzi wakaniandikia vidonge vya kuongeza damu bila hata mmoja wao kucheka. Aliyecheka ni mimi, na nikaonywa.

Kwa asiyejua, mambo huwa hivi. Mtu anaweza kusoma udaktari miaka na miaka, akajua kila mfupa kwa jina lake, halafu akampa mgonjwa karatasi ya dawa ikamlaza kitandani badala ya kumwinua. Kwa hiyo kabla hawajaachiwa kalamu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupitishwa kwenye vyumba vidogo vilivyopangana kando ya ukumbi mrefu. Kila chumba kina meza, kina kitabu cha vyeti vya dawa, kina mgonjwa wa kuigiza kama mimi, na pembeni ameketi mtahini ambaye haruhusiwi kusema neno. Mlangoni kumebandikwa kadi inayoeleza mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Kengele ikilia, mwanafunzi anasoma kadi, anaingia, ananihoji, anaandika dawa, ananieleza namna ya kuitumia. Ikilia tena anatoka, awe amemaliza au hajamaliza.

Chumba changu kilikuwa cha nne, na mtahini wangu alikuwa Profesa Nukta. Hilo si jina lake, ni wanafunzi waliompa, kwa sababu kwenye kipimo cha dawa akikuta nukta imekaa pasipo pake hana msamaha. "Nukta moja ikipotea," huwaambia, "nusu kidonge kinakuwa vidonge vitano." Ni mzee mkavu, kola ya shati lake imenyooka kila siku utadhani haijawahi kuvaliwa, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimemwona akitabasamu.

Wagonjwa tuna sheria mbili tu. Ya kwanza, usijibu kitu ambacho hakimo kwenye maelezo uliyopewa. Kama mgonjwa wako hana mtoto, basi na wewe huna mtoto, hata kama wa kwako amekupigia simu dakika hiyo. Ya pili, akiingia mwanafunzi unayemjua, inua mkono, utolewe, aingie mgonjwa mwingine. Sheria hizi nilizijua kama ninavyoujua mkasi wangu. Mwaka huo nilizivunja zote mbili, kwa mtu mmoja.

Mtu huyo nyumbani kwangu nilimwita Bwana Subiri.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Ana akili za kutosha na uzuri wa kubakiza, halafu akaenda kumpenda mwanafunzi wa udaktari. Mwanzoni nilifurahi, nani asiyetaka daktari ndani ya nyumba? Lakini kila nilipouliza wanaoana lini, jibu lilikuwa lile lile: subiri amalize masomo, mama. Nikasubiri. Akafika mtihani wa mwisho, akafaulu yote isipokuwa huu wa kuandika dawa. Wala hakukosea dawa. Aliongea na mgonjwa taratibu mno, kengele ikalia hajatia sahihi, na cheti kisicho na sahihi ni karatasi ya kufungia karanga. Akapewa nafasi moja tu ya kurudia. Akianguka tena, anarudishwa nyuma mwaka mzima.

"Basi na mimi nimesema," nilimwambia binti yangu. "Akianguka tena, huyo si mkwe wangu. Utatafuta mwingine anayejua kumaliza alichoanza."

"Mama, hata hujaonana naye."

"Nimemwona kwenye simu yako. Hata kwenye picha anaonekana amechelewa."

Binti yangu alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaingia chumbani kwake. Alishaniomba mara kadhaa amlete nyumbani, nami nikawa nakataa. Nilisema nitampokea siku atakayokuja na jibu mkononi. Nikisema kitu mimi sirudi nyuma. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananiita Mama Ukuta.

Siku ya mtihani nilipewa presha. Kadi ilisema mimi ni mama wa makamo, nina presha ya kupanda, nameza dawa yangu ya presha kila asubuhi bila kukosa, lakini presha bado iko juu. Ikamalizia hivi: hatumii dawa nyingine yoyote. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuniongezea dawa ya pili ya presha, iliyo sahihi na kwa kipimo sahihi. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikavaa uso wa mtu mwenye kizunguzungu, nikawasubiri.

Wa kwanza alitetemeka mpaka nikatamani kumshika mkono. Akauliza kama natumia dawa nyingine, nikasema hapana kama nilivyofundishwa, akanishukuru utadhani nimempa zawadi. Aliyemfuata alijua kila kitu, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekimbizwa juu ya karatasi. Profesa alikiinua cheti chake dirishani, akakigeuza juu chini, akakirudisha mezani. Akaja binti mmoja anayejiamini, akanieleza dawa kwa maneno ya kitabuni, akaniuliza, "Umeelewa, mama?" Nikasema sikuelewa, maana ndivyo maelezo yalivyotaka nimjibu yeyote asiyesema lugha ya watu. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Na yuko aliyeweka nukta pasipo pake. Sikuiona kwenye cheti, niliiona kwenye uso wa Profesa, alivyofumba macho kama mtu aliyemeza kitu kichungu.

Nilikuwa nimenogewa na kazi yangu. Kizunguzungu changu kiliongezeka ubora kadiri asubuhi ilivyosonga, na nilishaanza kujishika paji la uso kwa namna ambayo nina hakika hakuna mgonjwa wa kweli aliyewahi kuifikia.

Kengele ikalia tena. Safari hii mlango haukufunguka. Aliyekuwa nje alikuwa anasoma kadi, na aliisoma kwa utulivu wake, mpaka Profesa akatazama saa. Ndipo akaingia.

Ni yeye, yule wa kwenye simu ya binti yangu, na masikio yake makubwa na koti jeupe lililokunjwa mikono vizuri. Nilidhani waliokuwa wanarudia wangefanya siku nyingine. Akasimama kidogo mlangoni akinitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kuinua mkono. Nikisema mkono ulikuwa mzito nitakuwa nadanganya. Mkono ulikuwa mwepesi kabisa, mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka nimwone mwenyewe huyu anayenichelewesha kupata wajukuu. Isitoshe, yeye hanijui, nikajiambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akavuta kiti. Wenzake wote walikaa ng'ambo ya meza, yeye akakileta upande wangu. Akanipa pole, akaniuliza kizunguzungu kilianza lini, nikamjibu kutoka kwenye maelezo.

"Dawa ya presha unaimeza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Sikosi."

Hapo wenzake wote waliuliza kama natumia dawa nyingine. Yeye akaweka kalamu chini kabisa, mtu ambaye kengele ilishamwangusha mara moja, nami nikasema moyoni: huyu amekwisha.

"Mama," akasema, "hebu nisimulie asubuhi yako. Ukifumbua macho tu, mpaka unapotoka nyumbani, huwa unafanya nini?"

Jamani, hilo swali sikufundishwa. Kwenye maelezo yangu hamkuwa na asubuhi. Na aliniuliza kwa upole, kama mtu aliyekuja kutembea na hana pa kukimbilia, na mimi nyumbani hakuna anayeniuliza habari za asubuhi yangu. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka si mgonjwa wa kwenye kadi.

"Mimi nikiamka naanza na magoti," nikasema.

"Yamefanya nini?"

"Yanakaza. Nakaa kwenye cherehani kutwa, nakanyaga, ikifika usiku yamevimba. Asubuhi hayanyooki mpaka nimeze vidonge vyangu."

"Vidonge gani hivyo?"

"Siyo dawa, ni vya maumivu tu. Diklofenaki. Nanunua pale dukani. Asubuhi nameza, jioni nameza, na kazi ikiwa nyingi nameza na mchana."

Kiti cha Profesa kikatoa mlio pembeni. Nikazinduka kama niliyemwagiwa maji. Kumbe nimemwaga siri yangu mbele ya mtahini, vidonge ambavyo binti yangu alinigombeza navyo mpaka akachoka. Nilitaka kurudi kwenye kadi, lakini kurudi ningerudije? Niseme magoti yamepona?

Bwana Subiri hakushtuka. Akaniambia, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa, kwamba vidonge vile ukivimeza kila siku vinapandisha presha na kuzichosha figo, na figo zikichoka hazipigi kelele, zinanyamaza tu. Akasema hawezi kuniongezea dawa ya presha juu ya kitu ambacho huenda ndicho kinachoipandisha. Ingekuwa kuweka ndoo chini ya bomba bila kufunga bomba. Ndipo akaandika. Diklofenaki niache leo. Kwa magoti akaniandikia parasetamoli, kipimo chake, saa ngapi zipite kati ya dozi na dozi, na mwisho wa vidonge kwa siku ambao nisiuvuke. Dawa ya presha iendelee kama ilivyo. Nikapimwe figo, na wiki inayofuata nirudi nipimwe presha upya, ndipo iamuliwe kama nahitaji dawa ya pili.

"Sasa nirudishie, mama. Ukifika nyumbani utafanya nini?"

Nikamrudishia. Nilimrudishia neno kwa neno, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akatia sahihi, akaweka tarehe, akanipa cheti kwa mikono miwili, na kengele ikalia.

Niseme ukweli? Alinipendeza. Nilikasirika kwa jinsi alivyonipendeza.

Alikuwa wa mwisho kwenye mstari wetu. Tukapewa chai, nami nikawa nachungulia Profesa Nukta akijaza karatasi ya alama kwenye meza ya ukumbini. Kalamu yake ilishuka chini ikiandika sifuri, sifuri, sifuri, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kukata vitambaa kwa macho, sifuri sizikosei hata kwa mbali. Nikamsogelea na kikombe changu.

"Huyo wa mwisho vipi, Profesa?"

"Kabla ya huyo wa mwisho, nina kesi na wewe kwanza," akasema bila kuinua macho. "Umetoka nje ya maelezo. Tutaongea. Lakini na yeye alikuwa na kadi, na kadi imesema wazi hakuna dawa nyingine. Ameacha njia, amekuachisha dawa ambayo haipo, na dawa ya pili iliyotakiwa hakuandika. Siwezi kumpa alama kwa sababu ya magoti uliyoyabuni."

"Uliyoyabuni," nikarudia.

"Uliigiza vizuri. Uliigiza vizuri kupita kiasi, kama kawaida yako, na kijana ameponzeka. Kama angeifuata kadi, angepona."

Nikarudi na kikombe changu kwenye benchi. Sasa nisikilize nilivyokuwa. Nilichokuwa nakiomba kimetimia: Bwana Subiri ameanguka, tena kwa mkono wa Profesa, si kwa mkono wangu. Nikinyamaza, nitaonywa kidogo, mwakani nitaitwa tena nikaumwe, na nyumbani neno langu litasimama. Binti yangu atalia, atapoa. Hivyo ndivyo nilivyojipangia, nikanywa chai, na chai haikushuka. Kijana amekaa karibu yangu, ameniuliza asubuhi yangu, amenifanya nisikie neno nililokataa kulisikia kwa mtoto wangu wa kumzaa, na sasa anarudishwa nyuma mwaka mzima kwa kosa la kunisikiliza. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikainuka, magoti yakaguna, nikaenda nikamwaga mkoba wangu wote juu ya meza ya Profesa. Zikatoka funguo, kipimio cha kushonea, peremende, vipande vya kitambaa, na pakiti ya diklofenaki iliyobakiwa na vidonge vichache.

"Sikubuni," nikasema. "Magoti ni haya yangu, na vidonge ni hivi. Aliniuliza swali ambalo hamkunipa jibu lake, nikamjibu mimi mwenyewe. Kosa ni langu, usimpe yeye."

Profesa akaichukua ile pakiti, akaigeuza, akasoma nyuma yake, ingawa nina hakika aliyajua yote yaliyoandikwa. Kisha akavuta mashine ya presha iliyokuwa pale mezani, akanifunga mkono. Ikavuma, ikabana, ikaachia. Akaitazama, akanifunga mkono wa pili, akaitazama tena.

"Kwenye kadi nilikuandikia presha ya kutunga," akasema polepole. "Hii yako inaizidi."

Nikakaa chini. Mwaka baada ya mwaka nimeingia katika jengo lile nikiumwa magonjwa ya watu, na siku hiyo nilikuwa nimekuja na la kwangu.

"Kesho asubuhi uje kliniki," akasema. "Usije kuigiza. Na hivi vidonge nabaki navyo." Akaviweka mfukoni mwa shati. "Kijana ameandika cheti cha mtu aliyekuwa mbele yake. Mimi nilikaa pale nikisahihisha kadi."

Kwa mzee yule kutamka hayo, ujue ni kama ukuta umehama. Akaichukua karatasi ya alama, akawa anaitafakari, na nikaona kalamu inaelekea kwenye zile sifuri. Hapo ningeweza kunyamaza na mambo yakaisha salama. Lakini nilishaanza kusema ukweli, na ukweli mimi nikiuanza siwezi kuukata katikati.

"Profesa, kuna jingine. Yule kijana anamchumbia binti yangu. Nilimtambua alipoingia, sikuinua mkono."

Kalamu ikasimama hewani. Alinitazama kwa muda ambao kwa presha yangu haukufaa kabisa.

"Basi chumba changu chote kwa kijana huyu nakifuta," akasema hatimaye. "Siwezi kumfelisha kwa ushahidi wako, wala siwezi kumfaulisha kwa ushahidi wako. Atarudia sasa hivi, chumba cha kwanza, mgonjwa mwingine, mtahini mwingine. Na wewe, mama, jina lako nalitoa kwenye orodha ya wagonjwa. Umeumwa vya kutosha."

Nililia? Sikulia hapo. Ila iliniuma kama mtu aliyevuliwa cheo. Profesa akaenda kumwita Bwana Subiri, wakaongea kwa sauti ya chini pale ukumbini kwa muda kidogo, na nikaona mzee anatikisa kichwa, anafumba macho, anakifumbua kinywa kisha anakifunga. Kijana akaingia chumba cha kwanza. Mle mgonjwa alikuwa kinyozi mmoja aliyepewa pumu, mtu ambaye siku zote nimemwona si mwigizaji, anakohoa kama gari linalokataa kuwaka.

Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango ule. Nilivua viatu. Simu ililia, ni binti yangu, nikaiacha ilie, maana ningemwambia nini? Kila kikohozi cha kinyozi kilinipita kifuani. Uliza asubuhi yake, nikamwambia mlango. Usichelewe, lakini uliza. Akinyamaza nahisi ameandika, akiongea nahisi muda unakwisha, na mimi niliyekuwa nikimwombea aanguke nilikuwa nimekunja vidole vyote kwenye magoti yangu ninamwombea asimame. Kengele ikalia, na nikafumba macho kwa mtindo wa Profesa.

Mtahini wa chumba cha kwanza alikuwa daktari mwanamke mwenye miwani, mchangamfu. Alitoka na karatasi, akapita mbele yangu akimwendea Profesa, na Profesa akaisoma nukta kwa nukta. Sijui kwa nini watu wanaosoma vizuri husoma taratibu hivyo. Kisha akamwita kijana, akampa mkono. Akautikisa mkono ule, na Profesa Nukta akatabasamu. Nilikuwa shahidi. Meno yapo.

"Kipimo sahihi, maelezo sahihi, sahihi ipo," akasema. "Umefaulu. Hongera, daktari."

Nikapiga kigelegele. Kilinitoka chenyewe, ukumbi mzima ukageuka, kinyozi akatoa kichwa mlangoni akidhani ni yeye anapongezwa, na wanafunzi waliokuwa wamebaki wakaanza kupiga makofi bila kujua wanampigia nani. Daktari mwenye miwani alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa peku, kitambaa kimenining'inia upande mmoja, na sikujali.

Kijana akaja akakaa kwenye benchi, kando yangu, upande ule ule aliokaa chumbani. Nikajiweka sawa, nikafunga kitambaa, nikaandaa sauti yangu nzito ya ukweni. Nilitaka nimshtue kidogo. Furaha haikunifanya niwe malaika.

"Kijana," nikasema, "unajua mimi ni nani?"

"Najua, mama."

"Hujui."

"Nilikujua tangu mlangoni. Picha yako iko mezani kwa binti yako, kazini kwake. Naiona kila nikimpitia."

Akainamisha kichwa, akawa anavuta vuta kishikizo cha koti lake.

"Nilipaswa kusema nakujua," akaendelea. "Nimeshamwambia Profesa, kabla sijaanza kurudia. Akasema familia hii ingefaa ifutwe yote kwenye mitihani. Lakini pale mlangoni niliwaza, nikisema, watakutoa, atakuja mgonjwa mwingine. Na binti yako alishaniambia habari za vidonge. Amekuomba uende hospitali, hutaki. Kwako sikaribishwi. Nikaona sitapata tena siku ya kukaa na wewe nikakuuliza, ukanijibu."

"Lakini kadi ilisema sina dawa nyingine," nikasema. Sauti ya ukweni ilikuwa imeshapotea, sijui ilikwenda wapi. "Uliisoma. Nilikusikia unavyoisoma. Ulijua ukiuliza unajiharibia."

"Nilijua."

"Na nafasi ilikuwa hii moja."

"Mwaka ningeurudia, mama," akasema. "Ningeuchukia, lakini ningeurudia. Figo zako je?"

Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayeeleza kipimo cha dawa. Nilimtazama yule mtoto wa watu, niliyemkataa kwa picha, aliyeingia kwenye chumba cha mtihani wake wa mwisho akaamua kunitibu mimi, na nikahisi upendo ukinijaa kifuani wote kwa mpigo, bila adabu, bila kuomba ruhusa. Simu ikalia tena. Safari hii nikapokea.

"Mama, uko wapi? Napiga hupokei. Na yeye simu yake imezimwa. Sijui hata kama ameshafanya."

"Yuko hapa na mimi," nikasema.

"Nani?"

"Mwanangu," nikasema. "Amefaulu. Mje nyumbani leo wote wawili, na tarehe mje nayo, tuipange."

Nikasikia binti yangu analia pale ofisini kwake, mbele ya wateja. Nikampa kijana simu amnyamazishe, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi, machozi yalishanifika kidevuni.